Shikamoo zinakula ukurasa, ila usizifute zote

Skripti nyingi za filamu na tamthilia ninazoletewa na vijana hapa Kigoma zinaanza na hodi. Mtu anagonga, anakaribishwa, shikamoo, marahaba, za nyumbani, nzuri, watoto hawajambo, hawajambo, karibu kiti, asante, yaani unafika katikati ya ukurasa wa pili ndo unajua mgeni kaja kudai hela yake.

Sasa kwenye kazi hii ukurasa ni muda. Ukiandika kwa mpangilio unaokubalika, fonti ya Courier saizi 12, ukurasa mmoja unakadiriwa dakika moja ya picha, ndo maana prodyuza akipokea skripti anakimbilia kuangalia namba ya ukurasa wa mwisho kabla hata hajasoma jina lako. Hodi yako ya ukurasa na nusu ni dakika na nusu za watu kusalimiana, na mtazamaji ana rimoti mkononi.

Miongozo ya Wamarekani itakwambia ingia kwenye sini (tukio moja la hadithi, sehemu moja na wakati mmoja) umechelewa, toka mapema, salamu futa. Hapo mi nakubali nusu tu. Kwetu salamu ina mambo yake, nani kaanza, nani kaitikia kwa kuvuta, nani kakausha kabisa. Mtoto wa Kiswahili akitoa shikamoo ikakosa marahaba anajua kuna balaa, huhitaji kumuelezea mtu.

Kuna sini moja nilikaa nayo na kijana wa Ujiji. Mama muuza dagaa alimkopesha mwenye mtumbwi hela ya mafuta, walipane kwa dagaa, sasa kila akienda anaambiwa mwezi, mwezi. (Mlio mbali na ziwa: dagaa wa Tanganyika wanavuliwa usiku kwa taa, mwezi ukiwa mkubwa taa haiwavuti vizuri, watu wanapumzika.) Kwenye rasimu ya kwanza mama anamwambia mtoto wa huyo mwenye mtumbwi "nimekuja kudai hela yangu niliyompa baba yako ya mafuta". Baba anajua, kijana anajua, sasa anaambiwa nani? Tukaiandika upya:

NJE. UANI KWA MVUVI, UJIJI. USIKU.
Kijana anashona wavu kwa taa ya sola. Mama anaingia bila hodi.
KIJANA: Shikamoo mama.
Mama anavuta kigoda, anakaa.
KIJANA: Shikamoo mama.
MAMA: Mwezi bado upo?
Kijana anaangalia juu. Nyota tupu.

Basi. Deni halijatajwa hata mara moja, na shikamoo zote mbili zimebaki kwa sababu zinafanya kazi. Kameramani naye hana haja ya kukuuliza ashuti nini.

Huu ugonjwa wa wahusika kuambiana wanachokijua nahisi tumeutoa kibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kuonyesha video. Wengi wetu tumekua na muvi za Kihindi na za Kichina huku mtafsiri yuko juu yake, "hapa anamzuga, hajui kama steringi keshamuona". Sidharau, jamaa anaigiza sauti za watu wote peke yake na hadi vichekesho anaweka vyake, ni kipaji. Ila yeye yuko nje ya hadithi ndo maana anaruhusiwa kueleza, mhusika wako yuko ndani.

Swali lingine linalokuja sana ni zile tamthilia za Kituruki zilizoingizwa sauti za Kiswahili, mbona zinakatika ovyo, mtu kafungua mdomo tu majina yanapanda? Kule Uturuki episodi moja inaenda masaa mawili na zaidi, inarushwa mara moja kwa wiki, ikiuzwa nje inakatwakatwa vipande vya kama dakika 45. Kwa hiyo ule mwisho unaouona wewe mara nyingi sio wa mwandishi, ni wa mkasi. Usiuige. Mkato wako upange mwenyewe, na sio lazima mtu achomwe kisu. Ile sini ya mama mi naikatia kwenye nyota, baba yuko ndani anasikia kila kitu. Yule mwandishi wangu wa Ujiji alitaka baba atoke ajitetee, tukabishana sana, mwisho tukakubaliana hatoki, sehemu inayofuata inaanza naye alfajiri anaruka ukuta wa nyuma na ndara mkononi.

Anayetaka nimsomee atume PDF, sini moja, kurasa zisizidi tatu. Vois noti za kunisimulia stori nzima sisikilizi, mtanisamehe.