Magari ya misuli ya Marekani hayakuuawa na mafuta peke yake

Ukitaja magari ya misuli ya Marekani, yale yaliyobeba V8 kubwa, yaani injini ya silinda nane, kwenye bodi ya wastani, jibu la wengi ni moja: mgogoro wa mafuta wa 1973 ndio uliyamaliza. Kazi yangu ni kufungua injini hizi na kukata kutu kwenye bodi zake, na ninachokikuta ndani kinaeleza vingine. Mafuta yaliadimika Oktoba 1973, lakini injini zilikuwa zimeshaanza kupunguzwa makali tangu modeli za 1971.

Anza na pistoni. Chevelle SS ya 1970 yenye injini ya LS6, lita 7.4, ilitoka kiwandani na uwiano wa mgandamizo wa 11.25 kwa 1, yaani hewa na petroli vilibanwa hadi sehemu moja ya 11.25 ya nafasi yake ya awali. Pistoni yake imevimba kwa juu ili ijaze chumba cha kuwakia, na hapo ndipo nguvu inapotoka. Mgandamizo wa namna hiyo unadai petroli ya oktani ya juu, yaani isiyolipuka ovyo ikibanwa, na enzi hizo oktani ilipandishwa kwa kutia madini ya risasi. Ukiipa petroli dhaifu, injini inagonga, na ikiendelea kugonga pistoni zinatoboka.

Siku ya mwisho ya 1970 Rais Nixon alitia saini sheria ya hewa safi, iliyodai gesi chafu za magari zipunguzwe kwa asilimia 90. Kifaa cha kusafisha moshi, kilichofungwa kwenye ekzosi za magari mengi kuanzia modeli za 1975, huharibiwa na risasi. General Motors wakajiandaa mapema: kwa modeli za 1971 wakashusha mgandamizo ili magari yatumie petroli yenye risasi kidogo au isiyo nayo kabisa.

Corvette, gari la michezo la General Motors, yenye injini ya LT-1 inaonyesha kilichofuata. Mwaka 1970 ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 370, mwaka 1971 zikawa 330, mwaka 1972 zikawa 255. Usidanganyike na namba hiyo ya mwisho. Awali injini ilipimwa ikiwa peke yake, bila kichujio cha hewa, bila ekzosi ya gari lenyewe, bila vifaa vingi vinavyoila nguvu. Kuanzia 1972 ikapimwa na vyote vikiwa vimefungwa. Kwa hiyo sehemu ya anguko hilo ni kipimo kilichobadilika, na sehemu ni nguvu iliyopotea kweli. Bima nazo zilikuwa zimepanda mno kwa vijana, na vijana ndio waliokuwa wateja.

Kisha, Oktoba 1973, nchi za Kiarabu zinazouza mafuta zikaikatia Marekani mafuta hayo. Pipa lilipanda kutoka kama dola 3 hadi karibu dola 12 mwanzoni mwa 1974. Kwenye majimbo kadhaa wenye magari ya namba za shufwa na wa witiri walipangiwa siku tofauti za kujaza, na mwendo wa juu barabara kuu ukawekwa maili 55 kwa saa. Magari ya misuli ya Challenger na Barracuda yaliacha kutengenezwa 1974, GTO pia. Lakini mapenzi yenyewe hayakufa: mwaka 1979 Pontiac iliuza magari yake ya misuli ya Trans Am zaidi ya 117,000, ingawa nyingi zilikuwa na farasi 185 tu kwenye lita 6.6.

Kinachoniuma mimi ni ufundi. Chukua gari lenye paa la vinaili. Fremu ya chuma inayozunguka kioo cha nyuma inashikwa na vibanio vilivyokaa kwenye vijiti vidogo vilivyochomelewa bodini. Maji yanapenya pale, yanatuama chini ya vinaili, yanakula bati pole pole, kisha yanachuruzika hadi sakafu ya buti. Juu ya vinaili huoni kitu. Ukiibandua, bati linabomoka kwa kidole. Majimbo ya kaskazini yanamwaga chumvi barabarani wakati wa baridi, na kinga dhidi ya kutu ilikuwa duni, kwa hiyo magari mengi yalikwisha kabla injini hazijachoka.

Hata gari dogo ambalo lilipaswa kuwaokoa watengenezaji lilitoka hivyo hivyo. Chevrolet Vega, ya modeli ya 1971, ilikuwa na bloku ya alumini isiyo na silivu za chuma, yaani mirija ya kukinga kuta za silinda, na kichwa cha chuma juu yake. Ikichemka kidogo tu, gasketi inaachia na silinda zinakwaruzika, na kuanzia hapo injini inakula oili. Mabawa ya mbele yalishika kutu mapema. Kwenye kiwanda chake cha Lordstown, Ohio, laini iliendeshwa kwa kasi ya karibu magari 100 kwa saa, na Machi 1972 wafanyakazi waligoma.

Mwaka 1975 Honda walileta Marekani Civic yenye injini ya CVCC, iliyobuniwa kuchoma petroli kwa usafi zaidi. Ilitimiza masharti ya moshi bila kufungwa kifaa cha kusafisha, na ikakubali petroli yenye risasi au isiyo nayo.