Dondoo la mwarobaini "lina uwezo dhidi ya bakteria": maana yake nini?

Ukikutana na habari kwamba dondoo la majani ya mwarobaini linazuia bakteria, uliza kwanza: kwa kiasi gani? Hata chumvi huzuia bakteria ikizidi. Ndiyo maana ng'onda haiozi.

Dondoo si jani lenyewe. Majani hukaushwa, husagwa, kisha hulowekwa katika maji au katika alkoholi kama ethanoli na methanoli. Maji yake huchujwa na kukaushwa hadi ibaki gundi nzito. Kila kiyeyusho huvuta kemikali zake, kwa hiyo matokeo ya dondoo la methanoli hayathibitishi chochote kuhusu mwarobaini unaochemshwa jikoni. Wauzaji wa dawa hupenda kuliruka jambo hili.

Kipimo kinachopigwa picha sana ni cha duara. Bakteria hupakwa juu ya agari, yaani rojo lililoganda la kuoteshea bakteria kwenye sahani, kikaratasi chenye dondoo huwekwa katikati, na sahani hukaa usiku kucha kwenye joto la nyuzi 37. Wasipoota kuzunguka kikaratasi, duara tupu hubaki, nalo hupimwa kwa milimita. Lakini kemikali zenye asili ya mafuta hazisambai vizuri ndani ya agari, hivyo duara dogo si lazima liwe na maana ya dawa dhaifu.

Chenye uzito zaidi ni kiwango cha chini cha kuzuia. Dondoo huzimuliwa nusu kwa nusu, na hutafutwa kiasi kidogo kabisa ambacho bado kimewazuia bakteria kuota. Antibiotiki nyingi huzuia bakteria wasio na usugu kwa mikrogramu chache kwa mililita, au hata chini ya moja. Kwa dondoo ghafi, watafiti wengi hulitilia maanani likifanya kazi chini ya mikrogramu 100 kwa mililita. Linalohitaji miligramu 5, yaani mikrogramu 5,000, sioni kwa nini lisifiwe.

Aina ya bakteria nayo ina neno. Staphylococcus aureus, anayesababisha majipu, mara nyingi hushindwa mapema kuliko Escherichia coli, ambaye ana utando wa nje unaozuia kemikali nyingi kupenya.

Tena kuzuia si kuua, na chenye kuua bakteria kinaweza kudhuru seli za mtu pia. Mafuta ya mbegu za mwarobaini yamewahi kuwatia sumu watoto wadogo walionyweshwa.