Chanjo ya kichaa cha mbwa haizuii parvo

Wengi wanaotunza mbwa wa wateja nyumbani huamini kwamba mbwa aliyechanjwa kichaa amekingwa na kila ugonjwa. Si ajabu: ndiyo chanjo inayotangazwa zaidi, na mara nyingi hutolewa bure kwenye kampeni.

Chanjo hiyo hukinga kichaa tu. Parvo, ambayo huua watoto wa mbwa kwa kuwatapisha na kuwaharisha damu, ina chanjo yake. Fungua kadi ya chanjo usome stika: ukikuta "Rabies" peke yake, parvo haimo. Tafuta DHPPi, chanjo ya magonjwa kadhaa kwa pamoja; P ya kwanza ndiyo parvo. Tazama na tarehe, maana mtoto wa mbwa hurudiwa sindano hadi afikishe wiki 16 hivi.

Mbwa mwenye parvo huweza kutoa virusi kwenye kinyesi kabla ya dalili, na virusi hivyo hudumu uani miezi mingi. Sabuni pekee haiviui. Zoa kinyesi, osha sakafu, kisha pakaa jiki, kipimo 1 kwa vipimo 30 vya maji, uiache dakika 10. Udongo hausafishiki hivyo, kwa hiyo mbwa wasiomaliza chanjo wasikanyage hapo. Anayetapika mtenge, mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo, na uwaambie wenye mbwa wengine hata ukipoteza wateja.