Mashine ya plasma kwa karakana ya nyumbani: yanayosemwa na ukweli wake

Tangu ujenzi ushike kasi Dodoma, mageti, grili na ngazi za chuma ni kazi ya kila mtaa, kuanzia Nkuhungu hadi Ihumwa, na mafundi wengi wanaifanyia uani kwao. Waliochoka kununua diski za grenda kila wiki sasa wanaulizia mashine ya plasma, inayokata chuma kwa umeme na hewa. Swali huwa hilohilo: nichukue ya Kichina ya bei nafuu, au nijibane nipate chapa ya juu kama Hypertherm ya Marekani, ambayo bei yake inaweza kufika mara kumi? Majibu yanayozunguka vijiweni yanawapotezea watu fedha, na mengi yake hayana msingi.

"CUT 50 inakata milimita 50."

Haikati. Hiyo 50 kwenye jina la mashine ni ampea, yaani kiasi cha umeme wa kukatia. Mashine ya ampea 40 hadi 50 inakata vizuri chuma cha milimita 10 hadi 12 hivi. Ukizidisha hapo utatenganisha tu kipande, kwa mwendo wa kinyonga na kingo zilizojaa mabonge. Ndiyo maana mashine hutajwa kwa unene wa aina mbili, wa kukata safi na wa kutenganisha, na muuzaji akikupa namba moja tu, muulize ni ipi. Halafu jiulize mwenyewe unakata nini. Geti la kawaida ni shiti ya milimita 1.2 hadi 2 na flati bari ya milimita 3 hadi 6. Ampea 30 au 40 zinatosha kabisa.

"Dodoma ni pakavu, hewa yetu haina maji."

Hapa ndipo fedha nyingi zinapoteketea, tena kwa mashine ghali na rahisi vilevile. Plasma inafanya kazi kwa hewa ya kompresa: hewa inapita kwenye tundu dogo la nozeli, cheche ya umeme inaigeuza kuwa ndimi ya joto la maelfu ya nyuzi, na chuma kinayeyuka na kupeperushwa. Sasa hewa ikibanwa mara nane, na unyevu wake unabanwa humohumo. Hata hewa yenye unyevu wa asilimia 40 tu, ikishabanwa hivyo na kupoa ndani ya tangi, lazima idondoshe maji. Kiangazi yanapungua, masika ya Desemba hadi Aprili yanaongezeka, lakini hayaishi. Fungua koki iliyo chini ya tangi jioni baada ya kazi: yatatoka maji ya rangi ya kutu, yamechanganyika na mafuta.

Maji hayo yakifika kwenye tochi, yaani kishikio cha kukatia chenye nozeli, ndimi inatetereka na nozeli inaungua. Ichomoe uitazame kwenye mwanga. Tundu la nozeli nzima ni duara kamili. La iliyoungua limevutika upande mmoja kama yai, na mkato wake unakwenda mshazari hata ukishika tochi wima. Elektrodi, pini iliyo nyuma ya nozeli, nayo ina kidoa cha metali ya hafniamu katikati ya ncha yake. Kidoa kikichimbika kufika milimita 1.5 hivi, ibadilishe, maana ukiendelea itaua nozeli mpya pia. Fundi asiyejua hili hulaumu mashine, wakati kosa ni la hewa.

Kwa hiyo kabla ya kuongeza fedha kwenye mashine, weka kichujio cha maji chenye bakuli la kumwagia, na bomba refu kidogo kati ya kompresa na kichujio ili hewa ipoe kwanza. Na kompresa yenyewe iwe na nguvu. Mashine za ukubwa huu zinataka lita 120 hadi 190 za hewa kwa dakika, na lita zinazoandikwa kwenye kibandiko cha kompresa mara nyingi ni za kuvuta, si za kutoa. Isitoshe, Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kwa kama asilimia 10, na kompresa inakupa pungufu kwa kiasi hicho.

"Ukiwa na umeme wa nyumbani huwezi, mpaka njia tatu."

Mashine nyingi za ampea 40 zinatumia umeme wa njia moja (fezi moja) wa volti 230. Ila zinavuta ampea 20 na zaidi kutoka ukutani, kwa hiyo soketi ya kawaida ya ampea 13 haizibebi. Vuta laini yake peke yake kutoka kwenye mainswichi, yenye sakiti breka yake na waya mnene. Mitaa ya pembezoni, ambako volti hushuka jioni, mashine ya bei nafuu hukata moto katikati ya mkato. Hapa bei ya juu inanunua kitu cha kweli: Powermax30 XP ya Hypertherm, kwa mfano, inapokea volti 120 hadi 240.

"Za bei nafuu zote ni zilezile."

Hazifanani hata kidogo. Zile rahisi kabisa haziwaki mpaka nozeli iguse chuma kisafi. Zenye moto wa kianzio huwaka hewani kabla ya kugusa, na zinapita juu ya kutu, rangi na wavu bila kuzimika. Ongeza fedha uipate hiyo. Mimi nisingenunua nyingine. Kama unawaza meza ya kukata kwa kompyuta, epuka zinazowashwa kwa masafa ya juu, zinavuruga mitambo ya kielektroniki. Uliza pia tochi yake ni ya aina gani. Nozeli za PT31 au S45 ni za kawaida, zinaagizika Dar es Salaam kwa bei ndogo. Za chapa ya juu hudumu zaidi lakini moja ni ghali, na ikikuishia mchana wa Jumamosi kazi inalala. Ghali inajilipa kwa anayekata kila siku kwa ajili ya wateja. Anayekata mara moja moja, hapana.

"Haina mitungi ya gesi, kwa hiyo haina hatari."

Hii inanitia hofu kuliko zote. Mashine ya kuchomelea ya kawaida, kabla ya kuwasha moto, ina volti 60 hadi 80 hivi kwenye koleo. Tochi ya plasma inaweza kuwa na 250 au zaidi. Tochi nzuri hukata umeme zenyewe kofia inayoshika nozeli ikifunguliwa. Nyingi za bei nafuu hazina kinga hiyo. Usikate pipa lililokuwa na mafuta, usivute moshi wa mabati ya zinki, na miwani ya jua haitoshi, vaa kioo cheusi cha kazi. Kila unapobadilisha nozeli, zima swichi ya mashine kwanza, ndipo ufungue kofia.