Blanketi la vipande: yanayosemwa Dar na yaliyo kweli

Tandika kwilti, yaani blanketi la vipande vya vitambaa vilivyoshonwa pamoja, kitandani Dar es Salaam, kisha ngoja mgeni aione. Mmoja atasema, "Jamani, nzuri!" Mwingine atauliza, "Kwani shuka ziliisha?" Huyu wa pili ndiye anayenivutia zaidi, maana swali lake limebeba imani chungu nzima. Watu wengi hulipima blanketi la vipande kwa vipimo vya vitu vingine, kama gauni la fundi, blanketi la dukani au biashara ya mtaani. Ndiyo maana kila mara huonekana limepungukiwa.

Tuelewane kwanza. Kwilti ina matabaka matatu: juu vipande vilivyounganishwa, katikati kitu laini, chini kitambaa kizima. Yote hushikwa pamoja na mshono unaopenya kutoka juu hadi chini. Ukiunganisha vipande ukaishia hapo, umepata shuka la vipande. Si vibaya, ila kazi bado.

"Hayo ni ya watu wa baridi"

Dhana hii ina chembe ya ukweli. Februari, umeme umekatika na feni imesimama, hakuna anayetaka kitu mwilini. Lakini joto la kwilti hutoka kwenye tabaka la kati, kwenye hewa inayonaswa humo. Ukijaza pamba nene ya bandia, ile ya kujazia mito, utalala ndani ya oveni. Ukiweka kanga kuukuu au shuka la pamba lililochakaa, unapata kitu chepesi kinachofaa kabisa kwa usiku wa Juni hadi Agosti, jiji linaposhuka mpaka nyuzi 18 au 19. Na wenye ndugu kwenye baridi ya Makete au Lushoto wanajua zawadi ya aina hii hupokelewaje.

"Ni utamaduni wa Wazungu, tena wa maskini"

Hizi ni dhana mbili zinazotembea pamoja, na zote zimekosea.

Tuanze na Bahari ya Hindi. Kusini-magharibi mwa India, katika jimbo la Karnataka, wanaishi Wasiddi, watu ambao mababu zao walivushwa bahari kutoka Afrika, wengi wao wakiwa watumwa. Wanawake wa Kisiddi hushona kwilti za nguo kuukuu kwa mkono. Huanzia ukingoni wakizunguka kuelekea katikati, bandi moja baada ya nyingine, mpaka kitambaa chote kiwe kimejaa mishono. Kwenye pembe nne huweka maua madogo ya vitambaa vilivyokunjwa, na wenyewe husema bila maua hayo kwilti iko uchi. Hawatumii pamba ya kujazia. Mtu wa Dar anayetafuta mfano wa kuiga ataufaidi huo kuliko picha za vyumba vyenye theluji dirishani.

Huko Bengal, yaani Bangladesh na mashariki mwa India, wanatandaza sari kuukuu moja juu ya nyingine na kuzishona kwa bandi. Sudan, miaka ya 1880, wafuasi wa Mahdi, kiongozi wa dini wa huko, walivaa kanzu zenye viraka kuonyesha kwamba wameipa dunia kisogo. Baadaye viraka vya viongozi vikawa vya mapambo, vimepangwa kwa ulinganifu, na maana ya mwanzo ikageuka. Cairo, kwenye Mtaa wa Washona Mahema, wanaume ndio wenye kazi ya kushonea vipande vya rangi juu ya turubai, kwa hiyo na ile dhana kwamba kwilti ni "mambo ya mabibi" naiacha hapohapo. Hata hapa kwetu, vibaraza vya mafundi cherehani vimejaa wanaume.

Kuhusu umaskini, huko Marekani kwilti za mwanzo zilikuwa za wenye uwezo, maana vitambaa viliagizwa kutoka nje kwa bei kali. Kwilti za mabaki zilienea zaidi karne ya 19, viwanda viliposhusha bei ya pamba. Ni kweli wapo walioshona kwa shida. Wanawake weusi wa Gee's Bend, Alabama, walitumia nguo za shamba zilizochakaa ili familia zisilale na baridi. Mwaka 2002 kazi zao zilitundikwa katika jumba la makumbusho la sanaa la Houston, na wahakiki wakazizungumzia kama wanavyozungumzia michoro ya wasanii wakubwa. Shida iliwapa malighafi, lakini mpangilio wa rangi ulitoka kwenye macho yao wenyewe.

Kuna hadithi nyingine tamu, kwamba watumwa wa Marekani walitundika kwilti zenye alama za siri kuwaelekeza wanaotoroka. Inasambaa sana kwa sababu inapendeza. Wanahistoria walioifuatilia hawakupata ushahidi wa zama zile unaoiunga mkono. Mimi naiacha, ingawa najua itanikosesha watu kadhaa kwenye mazungumzo.

"Weka chumvi, rangi haitachuja"

Hapa ndipo fedha na machozi ya washonaji wengi huishia. Karibu kila nyumba Dar kuna mtu atakayekwambia uloweke kitenge kwenye maji ya chumvi, au siki, au vyote viwili, ili rangi ishike.

Chumvi ina kazi yake, lakini kwenye chungu cha kutilia rangi. Huko huisukuma rangi kutoka kwenye maji iingie kwenye pamba, na kwa aina nyingi za rangi za pamba ni magadi yanayoifunga isitoke. Siki nayo hufanya kazi kwenye rangi za sufu na hariri. Kitenge kilichokwisha kutoka kiwandani hakingoji msaada wako jikoni. Kinachochuja ni rangi ya ziada ambayo haikushikana na uzi, na dawa yake ni kuitoa, kwa kufua mpaka maji yawe meupe.

Kwa hiyo kabla ya kukata, loweka kila kitambaa peke yake kwenye maji ya moto yenye sabuni, ndani ya bakuli jeupe, kwa nusu saa. Tumbukiza na kipande cheupe cha pamba uone kama kitapata doa. Nyekundu, nyeusi na buluu nzito ndizo za kutiliwa shaka kwanza. Kitambaa kinachoendelea kutoa rangi baada ya kufuliwa mara kadhaa kisikae jirani na cheupe, hata kama ni kizuri kiasi gani. Kifanyie mfuko.

Kufua mapema kunasaidia jambo jingine pia. Pamba mpya hunywea ikifuliwa, na shati la mtumba limekwisha kunywea siku nyingi. Ukivishona vitambaa hivyo jirani bila kufua, mfuo wa kwanza utavuta kimoja na kuacha kingine, uso wote ujikunje.

"Anayejua kushona nguo, kwilti ni mchezo"

Namheshimu fundi cherehani wa mtaani kuliko mtu yeyote kwenye kazi hii, na bado nasema hapana. Fundi wa nguo hukuachia nafasi pana kwenye mshono ili mwakani gauni liongezwe, na mwili wa mvaaji husamehe makosa madogo. Kwilti haisamehi. Mshono wake wa kawaida ni robo inchi kutoka ukingoni, na robo hiyo irudiwe ileile kila mara.

Fanya hesabu. Kitanda cha sita kwa sita kina inchi 72 kila upande. Ukitaka miraba ya inchi 6 iliyokamilika, unakata ya inchi 6 na nusu, na kila mstari una miraba 12 yenye mishono 11 kati yake. Ukizidisha kila mshono kwa robo ya robo inchi tu, kila mmoja unakula pande zote mbili, na mstari unapungua inchi moja na ushee. Mstari unaofuata ukiushona sawasawa, pembe hazikutani. Tena miraba hiyo 144 inafunika juu ya godoro pekee. Kwilti inayoning'inia pembeni inataka miraba 14 kwa 14, yaani 196.

Dawa ni ndogo. Pima robo inchi kutoka kwenye sindano, bandika selotepu kwenye bati la cherehani, na kitambaa kifuate ukingo wake. Kisha pasi: bonyeza na kuinua, usiburute, maana kuburuta kunavuta kitambaa. Mishono ya mstari wa kwanza ilaze kulia, ya pili kushoto, pembe zitashikana zenyewe.

Cherehani ya umeme si lazima. Kazi yote ni mshono mnyoofu, na cherehani ya miguu iliyopakwa mafuta vizuri inauweza, umeme uwepo usiwepo. Sindano ya mkono nayo inatosha, ila ujue unajipa miezi.

"Kitambaa chochote, tena cha bure"

Mafundi wengi watakupa mabaki ukiomba kwa adabu. "Dada, chukua tu, yanajaza kibaraza." Lakini kwenye mfuko huo kuna pamba, satini, jezi inayovutika na vitenge vya poliesta vinavyofanana na vya pamba. Chomoa nyuzi chache uzichome juu ya sinki. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka, hunuka plastiki na kuacha tone gumu. Ukiichanganya na pamba, pasi ya moto itakuumbua.

Uso wa kwilti unaweza kuwa wa bure, lakini chini na katikati utanunua. Wengi hukimbilia Mtaa wa Uhuru kutafuta kitenge cha chini, halafu inabidi waunganishe mapande mawili, kwa sababu upana wa kitenge hautoshi kitanda. Mimi naona shuka kubwa la pamba la mtumba, pale Karume, ni bora mara mbili: ni pana, limekwisha kunywea, na ni laini kwa sindano.

"Sasa utaanza kuuza lini?"

Dar haijui kazi ya mikono isiyo na bei. Mwuzaji wa kwilti hukutana na mnunuzi anayeilinganisha na blanketi la kiwandani la Kariakoo, na saa zake za kushona hazimo kwenye hesabu ya mnunuzi huyo. Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani Georgia mwaka 1837, aliombwa auze kwilti yake ya visa vya Biblia akakataa. Miaka ilipokuwa migumu aliipeleka mwenyewe kwa mnunuzi akataja dola 10, akapewa 5. Leo iko kwenye makumbusho ya Smithsonian, Washington. Uza ukipenda, ila usianze kwa sababu hiyo.

"Haifuliki"

Inafulika, tena kwenye beseni, kwa sabuni kidogo na maji ya baridi. Usiikamue kwa kuisokota, ibonyeze. Ikilowa ni nzito, kwa hiyo itandaze juu ya kamba mbili au tatu, kivulini, maana jua letu hupausha rangi. Msimu wa masika usiihifadhi kwenye mfuko wa plastiki, unyevu unaonaswa humo huleta ukungu. Tumia foronya ya pamba, na kila baada ya miezi kadhaa ikunje upya ili mikunjo isikae mahali palepale.