Maswali na Majibu: Mwanatriathloni Anapojiandaa kwa Marathoni Yake ya Kwanza

Swali: Ninaishi Dar es Salaam na nimeshiriki triathloni kwa misimu mitatu: kuogelea kilomita 1.5, baiskeli kilomita 40, kisha mbio za kilomita 10. Sasa nataka kukimbia marathoni peke yake. Je, si tayari ninazo pumzi za kutosha?

Pumzi unazo, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Majini mwili wako huelea, na juu ya baiskeli tandiko hukubebea sehemu kubwa ya uzito, kwa hiyo moyo na mapafu vimeimarika bila miguu kupata kishindo kingi. Katika mbio, kila hatua hutua kwa nguvu inayofikia takriban mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili, na kilomita 42.195 zina makumi ya maelfu ya hatua. Moyo na misuli huzoea kazi mpya ndani ya wiki chache, ilhali mifupa na kano huhitaji miezi. Mkimbiaji mgeni kabisa huzuiwa na kuishiwa pumzi kabla hajajiumiza. Wewe hutazuiwa na chochote, utajisikia vizuri ukivuka Daraja la Tanzanite kwa kasi kila alfajiri, mpaka siku mguu utakapogoma.

Kwa sababu hiyo, ongeza umbali polepole kwa muda wa miezi minne au zaidi, kimbia sehemu kubwa ya mazoezi kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza, na usiache baiskeli wala bwawa. Siku ambayo miguu imechoka, saa moja ya kuogelea hulinda pumzi bila kuigusa mifupa.

Swali: Nitatofautishaje uchovu wa kawaida na jeraha?

Uchovu wa misuli huenea katika paja au shavu la mguu, huwa pande zote mbili, na hupungua baada ya siku mbili au tatu. Maumivu yanayopaswa kukusimamisha ni yale unayoweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole kimoja, hasa kwenye muundi, wayo au kinena, yanayozidi kadiri unavyokimbia na hatimaye kukusumbua hata ukiwa umelala. Huo unaweza kuwa ufa mdogo wa mfupa. Picha ya eksirei katika wiki za mwanzo mara nyingi haiuonyeshi, kwa hiyo picha safi si ruhusa ya kurudi barabarani. Mweleze daktari ni kilomita ngapi umekuwa ukikimbia.

Mwanamke ambaye hedhi yake imekatika wakati wa mazoezi asilichukulie jambo hilo kama dalili ya kuwa fiti. Mara nyingi maana yake ni kwamba chakula hakitoshi kazi inayofanywa, na mifupa huanza kudhoofika.

Swali: Nimezoea joto la hapa nikiwa juu ya baiskeli. Kuna tofauti gani?

Tofauti ni upepo. Katika kasi ya kilomita 30 kwa saa unajitengenezea upepo unaokausha jasho, na jasho hupoza mwili pale tu linapokauka. Ukikimbia kilomita 10 kwa saa katika unyevunyevu wa pwani, hasa kati ya Desemba na Machi, jasho hudondoka chini bila kukupoza. Anza mazoezi marefu kabla ya jua kuchomoza, na usione haya kupunguza kasi. Mwenzako akianza kupepesuka au kuzungumza maneno yasiyoeleweka, huenda amepatwa na kiharusi cha joto, yaani mwili umepata joto kupita kiasi: mpeleke kivulini, ita msaada, na mpoze papo hapo mwili mzima kwa maji baridi au barafu wakati usafiri ukitafutwa.

Swali: Basi ninywe maji mengi kadiri niwezavyo?

Hapana. Kunywa kwa kufuata kiu. Maji yakizidi, sodiamu (madini yaliyomo katika chumvi) katika damu hupungua, na ubongo unaweza kuvimba. Watafiti walipopima damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza Boston Marathon ya mwaka 2002, asilimia 13 walikuwa na upungufu huo, na dalili kubwa ya hatari ilikuwa kuongezeka uzito wakati wa mbio. Jipime kabla na baada ya mazoezi marefu. Ukirudi mzito kuliko ulivyoondoka, umekunywa kupita kiasi.

Swali: Na chakula?

Gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa zinatosha wengi, na ndizi moja ya wastani ina takriban gramu 25. Tumbo linalopokea chakula vizuri juu ya baiskeli laweza kukikataa likitikiswa na mbio, kwa hiyo lizoeze katika mazoezi marefu.

Swali: Naweza kumeza dawa ya maumivu kabla ya kuanza?

Usimeze ibuprofeni wala diklofenaki. Figo zako siku hiyo tayari zinapata damu kidogo, na dawa hizo huzidi kuzibana. Ukiwa na homa, usikimbie; pima malaria kwanza. Na iwapo baada ya mbio mkojo utakuwa mweusi kama chai ya rangi, nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa huenda misuli iliyochanika inaziumiza figo.