"Si zitaoza tu dampo?"

Hapa Mtwara wengi huamini maganda ya muhogo na mabibo yataoza dampo bila madhara. Kuoza yataoza, ila kuna kuoza na kuoza. Yakifukiwa chini ya mifuko na chupa hewa haifiki, na vijidudu vya humo hutoa methani, gesi inayopasha dunia joto takriban mara 28 kuliko kabonidayoksaidi katika miaka 100. Maji yake meusi huzama ardhini, na visima vyetu ndivyo ninavyovihofia.

Yatenge kwanza, yalundike, yageuze yapate hewa. Lundo hufika nyuzi 55 hadi 65. Chomeka kijiti, kitatoka cha moto. Vimelea hufa. Baadaye huwa mboji, hunukia udongo uliolowa mvua. Hata Ujerumani ilipiga marufuku kufukia taka za majumbani zisizotibiwa tangu 2005.